Nimefungua sanduku la babu: kwa nini watawala wapya wengine hubadilisha pesa na wengine huiacha?

Kibubu_Mwanza

Habari za jioni wakuu. Babu mzaa mama alifariki mwaka jana, na wiki iliyopita ndiyo tumefungua sanduku lake la bati kule Ujiji. Ndani ya soksi moja nimekuta sarafu ya heleri 20 ya mwaka 1916, imekuwa nyeusi kabisa. Kuna shilingi mbili za Afrika Mashariki za enzi za George VI. Na kuna noti ya Zaire (Kongo ya Kinshasa ya leo) ya milioni tano. Milioni tano! Mjomba akacheka mpaka akashika mbavu.

Mimi ikanikalia kichwani. Mjerumani aliondoka na heleri yake ikaenda. Mwingereza aliondoka 1961, lakini shilingi ikabaki. Mobutu, rais wa Zaire, alikimbia 1997, na nimesoma kwamba pesa yake, iliyoitwa zaire, ilitumika zaidi ya mwaka mzima baada yake. Taliban waliingia Kabul 2021 na afghani ni ile ile mpaka leo. Sasa kanuni ni ipi? Ningekuwa mimi nimepindua nchi, asubuhi yake ningefuta sura ya adui kwenye noti.

Halafu kuna picha inazunguka mtandaoni, noti ya Zaire imetobolewa tundu pale penye uso wa Mobutu. Wanasema Kabila, aliyempindua, ndiye aliyeagiza. Kweli au porojo?

Mhasibu_Ilala

Kifupi tu, niko kazini. Pesa ni madeni na mikataba. Siku ya mapinduzi kuna watu wana akiba benki, wafanyakazi wanadai mshahara, wafanyabiashara wamekopeshana. Ukifuta sarafu lazima useme yote hayo yatalipwa kwa kitu gani na kwa kiwango gani.

Hapa kwetu tulipopata uhuru hatukuwa hata na benki kuu. Shilingi ilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar kwa pamoja, na bado watu walikuwa na matumaini ya shirikisho. Hata Zanzibar walipopindua Januari 1964, shilingi haikuguswa. Bodi yenyewe ndiyo iliyotoa noti mpya 1964, Malkia akatolewa, ikawekwa jahazi ziwani. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa Juni 1966 na ndipo tukapata shilingi yetu. Hao Taliban usiwastaajabie. Noti za afghani zinachapwa nje ya nchi, na akiba ya Afghanistan ya kama dola bilioni 7 ilizuiwa Marekani. Wangechapa kwa nini?

MzeeWaMwanga

Mhasibu kasema sawa, ila kasema kama mtu aliyeisoma. Mimi zaire ilinipitia mfukoni, niruhusuni nirefushe. Mkono wangu ni mzito kwenye simu, makosa mtasamehe.

Kibubu, pole kwa msiba. Hiyo noti ya milioni tano mwambie mjomba asiicheke. Ilitoka wakati Zaire ina vichwa viwili: Mobutu rais, na Étienne Tshisekedi waziri mkuu aliyechaguliwa na mkutano mkuu wa taifa 1992, watu ambao hata salamu ilikuwa shida. Thamani yake ilikuwa dola mbili, tatu. Tshisekedi akatangaza kwamba noti hiyo ni haramu. Mobutu akawalipa askari kwa noti hiyo hiyo. Askari anakwenda sokoni Kinshasa na mshahara wake, muuza chikwangue (mkate wa muhogo) anamwambia baba, hii sipokei. Mwisho wa Januari 1993 bunduki zikatoka kambini. Mji uliporwa, watu wengi wakafa, na balozi wa Ufaransa akauawa kwa risasi. Kwa ajili ya karatasi uliyoikuta kwenye soksi.

Ndiyo maana swali lako la kupindua nchi na kufuta sura asubuhi yake limenichekesha kidogo. Asubuhi yake askari wako wanataka kula. Utawalipa kwa nini?

Mimi nilikuwa mtu wa ziwa, Kigoma na Kalemie, kuanzia 1984 mpaka 2001. Nilipeleka chumvi ya Uvinza, sabuni na sufuria. Narudi na mawese na vitenge. Biashara nilirithi kwa baba mdogo, na somo la kwanza la pesa nililipata kwake kabla hata sijavuka maji. Krismasi ya 1979, Mobutu alitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 zimekufa, na watu wana siku chache za kuzibadilisha, tena kwa kiasi maalumu. Mipaka ikafungwa. Baba mdogo alikuwa na bunda zima ndani ya kopo la maziwa ya unga, huku Ujiji. Zilibaki kwenye kopo. Sisi watoto tulichezea duka, mimi nikiwa mwenye benki.

Sasa angalieni. 1979 hakuna utawala mpya ulioingia, Mobutu ni yule yule. Lakini silaha ni ile ile ambayo watawala wapya huitumia: unaua noti ukijua ziko mikononi mwa nani. Walioumia ni waliozificha ndani ya nyumba, na waliokuwa ng'ambo kama baba mdogo. Wenye jamaa benki walishazibadilisha mapema, hilo nyote mnalielewa.

Oktoba 1993 ikaja zaire mpya. Zaire milioni tatu za zamani zikawa zaire mpya moja. Hapa ndipo mambo yaliponifungua macho, kwa sababu Kasai walikataa. Majimbo yote mawili, nyumbani kwa Tshisekedi, wakasema pesa ya Mobutu hatuitaki, tunabaki na makaratasi yetu ya zamani. Serikali ikasema hayo si pesa tena. Wao wakaendelea kununua unga na kuuza almasi kwa makaratasi hayo.

Mshirika wangu wa Kalemie alikuwa na akili ya shetani. Wenzake wanaharakisha kuyatupa, yeye anayakusanya, anayafunga kwenye magunia ya mahindi, na treni inapokuwa na roho ya kutembea anayapeleka Kasai, upande wa Mwene-Ditu. Anarudi na dola. Nilimuuliza, wewe unauza pesa iliyokufa? Akanijibu: "Hiyo ya Kinshasa inachapwa kila usiku. Hii ya Kasai hakuna anayeweza kuichapa tena." Sijawahi kupata darasa la uchumi jingine, wala sikulihitaji.

Na si maneno ya mtaani tu. Faranga ilipokuja 1998 kuchukua nafasi ya zaire, serikali yenyewe ilitangaza viwango viwili: faranga moja ni zaire mpya laki moja, na kwa Kasai faranga moja ni zaire za zamani milioni 14. Haya chukueni kikokotoo. Ina maana zaire mpya moja imekuwa sawa na za zamani 140, wakati miaka mitano nyuma ilikuwa sawa na milioni tatu. Pesa iliyofutwa na serikali iliipita pesa ya serikali mara zaidi ya elfu ishirini na moja. Mwenye magunia yake ya mahindi alijenga.

Nikija kwa Kabila. Kalemie ilichukuliwa Februari 1997. Nilivuka mwezi uliofuata, roho mkononi. Nilidhani nitakuta pesa mpya, nikakuta vijana wa waasi pale bandarini, viatu vya mvua mguuni, wanatoza ushuru kwa zaire mpya na dola. Walichokataa ni noti kubwa za mwisho, za laki tano na za milioni moja. Hizo Kinshasa ilizichapa wakati Mobutu anatibiwa Ulaya, na Wakongomani kwa ulimi wao wakazibatiza "prostate", kwa jina la ugonjwa wa mzee. Noti ndogo, zenye sura ile ile ya Mobutu na kofia ile ile ya chui, walizipokea bila neno. Akili yake ni hii: noti ndogo zilikuwa mikononi mwa watu wa kwao, wa upande walioukomboa. Noti kubwa bado ziko kwenye makasha ya Kinshasa, na Mobutu anazitumia kununua risasi za kuwapigia. Ukizipokea unamlipia adui wako vita.

Mei 17 wakaingia Kinshasa. Nchi ikabadilishwa jina papo hapo, bendera ikabadilishwa. Pesa ikabaki inaitwa zaire katika nchi isiyoitwa Zaire! (Kioja hicho kilikuwa na kaka yake: zaire pesa ilizaliwa Juni 1967, nchi ikaitwa Zaire 1971. Pesa ilitangulia kuzaliwa ikachelewa kufa.) Tazameni noti za kwanza za faranga, mkizipata: zimeandikwa tarehe 1 Novemba 1997, lakini zilitoka Juni 30, 1998, sikukuu ya uhuru. Karatasi zipo na tarehe yake, pesa haipo. Siwezi kuwaambia kila kilichosemwa ofisini, ila kwa mtu wa soko ilieleweka. Nchi ni kubwa, barabara hakuna, na ukitangaza kufa kwa pesa kabla mpya haijafika Bandundu na Kisangani, umetangaza njaa.

Kuhusu tundu: nimeliona kwenye picha hizo hizo mnazoziona ninyi. Miaka yote ile sokoni sikupewa noti yenye tundu hata moja. Pesa wakati ule tulihesabu kwa matofali, hatukufungua bunda. Nani angekaa kutoboa moja moja?

MamaKisenyi

Shikamoo mzee. Umenikumbusha machungu. Mimi ni Mganda ila nimekulia Bukoba, Kiswahili mtanivumilia.

Sisi tulipitia zote. Amin aliweka sura yake. Alipofukuzwa 1979 zikatoka noti zenye picha ya jengo la Benki Kuu badala ya sura yake, mama yangu alisema angalau nyumba haigombani na mtu. Obote aliporudi akaweka yake. Museveni alipoingia Januari 1986 hakubadilisha siku ile, alisubiri mpaka Mei 1987. Shilingi 100 zikawa 1, hilo tulilielewa, sifuri mbili zimeondoka. Kilichotuuma ni kwamba walikata asilimia 30 juu yake kama kodi. Mama alikuwa na duka la nafaka. Alipeleka za zamani elfu hamsini, ambazo kwa hesabu ni mia tano mpya, akarudishiwa mia tatu na hamsini. Alikaa na kalamu usiku kucha anatafuta amekosea wapi kuhesabu.

Kwa hiyo Kibubu, wengine hubadilisha ili kukusanya. Ni kodi ambayo hakuna wa kuikwepa, labda uwe umeshanunua ng'ombe.

Jogoo_Pori

Mnazunguka sana. Ni mabeberu tu. Wanaochapa noti ni makampuni ya Ulaya, ndio wanaoamua nani abadilishe na lini. Kabila alisubiri kwa sababu hakuruhusiwa.

Mhasibu_Ilala

Jogoo, kuchapiwa nje ni kweli kwa nchi nyingi, zetu zikiwemo. Ila Kasai walimkatalia nani, beberu au Kinshasa?

Na mzee Mwanga, hiyo hesabu yako ya 140 nimeirudia mara mbili, ni sahihi. Ina ndugu yake Iraki. Saddam alifuta noti za zamani za dinari 25 mwaka 1993, zile zilizoitwa dinari za Uswisi, akachapa zake hafifu. Wakurdi wa kaskazini wakaendelea na zile zilizofutwa. Hazikuwa na serikali nyuma yake hata moja. Mwisho wa 2003, Wamarekani walipoleta dinari mpya, dinari ya Saddam ilibadilishwa moja kwa moja, ile ya Uswisi moja ikapata mpya 150.

Mwana_Birere

Jambo sana wakubwa. Mimi niko Goma. Nasoma hii hadithi ya 1997 naona kama mzee anaandika juu ya mtaa wetu.

Toka mwisho wa Januari 2025 mji uko mikononi mwa waasi wa M23. Benki zilifungwa. Watu walidhani pesa itabadilishwa. Haikubadilishwa, tunatumia falanga za Kinshasa na dola kama mbele. Lakini kwa kuwa benki zilifungwa, noti mpya hazikuingia, na zile zilizokuwepo zilichoka. Mia tano ya falanga ilishikwa na jasho la mji mzima, tunaibandika na skochi, mama wa soko anaigeuzageuza juani kabla ya kuipokea. Dola nayo ikipasuka kidogo tu kwenye ncha, hakuna anayeitaka, na hilo ni tangu zamani.

Swali langu kwa mzee: vita ya pili, 1998, waasi wa huku walitumia nini?

MzeeWaMwanga

Mwana Birere, poleni sana na hali ya huko. Mungu awashike mkono.

1998 ilikuwa hivi. Faranga ilitoka Juni 30, na Agosti 2 vita vikaanza. Faranga zilikuwa hazijaenea vizuri huku mashariki. Wale jamaa wa Goma hawakuleta pesa yao. Waliendelea na faranga ya mtu waliyekuwa wanampiga, na dola, na zaire zilizobaki zikamalizikia huko huko. Kwenye faranga moja nyuma yake kulikuwa na Lumumba, amekamatwa, na wenzake wawili. Na ile ya mia ilikuwa na tembo. Kabila mwenyewe hakujiweka kwenye noti hizo za mwanzo, nadhani hilo lilimsaidia: hakuna aliyeona aibu kuzishika, hata adui yake.

Kwa nini waasi hawachapi zao? Nilimuuliza kijana mmoja wa forodha, Uvira, 1999. Akaniambia wanataka Kinshasa, hawataki kipande. Ukichapa yako umeshasema wewe ni nchi nyingine. Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Wasomali wa Hargeisa walipoamua kuwa wao ni nchi, walitoa shilingi ya Somaliland 1994. Waeritrea waliitumia birr ya Ethiopia kwa miaka kadhaa baada ya kujitenga, kisha 1997 wakatoa nakfa, na mwaka uliofuata wakapigana na Ethiopia, ingawa vita vile vilikuwa na sababu zaidi ya moja, nisije nikasutwa hapa na Mhasibu.

Jogoo Pori, sikukatalii kila kitu. Lakini Kabila huyo huyo baadaye alipiga marufuku biashara kwa dola, nchi nzima. Mkubwa gani wa Ulaya alimtuma? Dola ikaingia chini ya meza, bei ikapanda, mwanawe aliposhika nchi 2001 akaifungulia. Kalemie tulikuwa tunaitaja dola kwa jina la "kitabu". Una vitabu vingapi? Vitatu vya ishirini. Askari amesimama hapo hapo, yeye mwenyewe ana viwili kwenye buti.

Mama Kisenyi, kalamu ya mama yako imeniuma. Marahaba, na salamu zake kama yupo.

Kibubu_Mwanza

Shikamoo mzee! Asanteni wote, nimempigia mama simu nikamsomea kisa cha milioni tano. Anasema babu aliipata kwa mtu aliyekuja na boti na familia yake, akampa badala ya nauli ya gari kwenda kambini. Babu alijua haina kazi, akaichukua ili yule baba asione haya mbele ya watoto wake. Mjomba hacheki tena.

Na heleri je? Kuna mtu wa hapa Mwanza ananiambia niisugue na ndimu na majivu ing'ae, anipe elfu kumi.

MzeeWaMwanga

Marahaba binti yangu, na babu yako Mungu amrehemu.

USIISUGUE. Chini ya taji na mwaka, tazama kama kuna herufi T. Ni Tabora. 1916 Mjerumani amezingirwa, meli hazifiki, pesa za kulipia askari na wapagazi zimekwisha, akaanza kugonga sarafu kwenye karakana ya reli pale Tabora kwa shaba aliyoiokota huku na huku. Mwaka huo huo Tabora ikaanguka. Mwingereza aliziondoa, alipotulia akaleta florini 1920, haikupendeza mtu, halafu shilingi. Lakini uliza leo kituo cha daladala chochote, utasikia konda anadai hela, na hajui anamtaja Mjerumani. Kama wenzetu Kinshasa wanavyoziita pesa makuta mpaka leo, na likuta lenyewe, senti ya zaire, limekufa na zaire.

Huyo wa elfu kumi mwambie imeshapata mwenyewe. Irudishe kwenye soksi.